Seva ya mafaili nyumbani: poti nimefungua, nje haifikiki. Ruta inaonyesha 100.72

diski_mbili

Wakuu, habari za jioni. Nina seva ya mafaili nyumbani Dar, nataka niifikie nikiwa kikazi Dodoma, na mdogo wangu aliyeko Mwanza naye aingie. Ndani ya nyumba kila kitu shwari, nje haifikiki kabisa.

Vifaa: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ya GB 4, Raspberry Pi OS Lite kwenye kadi ya microSD. Diski mbili za nje za inchi 2.5, TB 2 kila moja, zinavuta umeme kwenye Pi yenyewe kupitia USB. Mafaili yanatolewa kwa Samba, programu ya kushirikisha folda kwenye mtandao. Ruta ni ile ile ya faiba niliyopewa na kampuni ya intaneti, kifurushi Mbps 20 kupakua na 10 kupakia.

Nilichofanya mpaka sasa: Pi nimeipa anwani isiyobadilika, 192.168.1.50. Kwenye ruta nimefungua poti 445 (ya Samba) na 22 (ya SSH, kuingia kwa mbali) kuelekea huko. Nimejisajili DuckDNS, inayofunga jina kwenye IP yangu, jina linasasishwa kila dakika 5. Nikijaribu kwa data ya simu inazunguka weee, mwisho inakata. Ukurasa wa WAN (upande wa intaneti) wa ruta unaonyesha IP inayoanza na 100.72, ila tovuti za kuangalia IP zinanipa namba nyingine kabisa, inaanza na 41. Shida ni hiyo? Na nikiiweka Pi kwenye DMZ, yaani poti zote zielekee kwake, itasaidia?

La pili: mara mojamoja nahitaji kumpa mteja kiungo apakue video ya harusi, kama GB 4 hivi, bila yeye kuweka programu yoyote kwenye simu yake.

---

fundi_wa_faiba

Jibu umekuja nalo mwenyewe mkuu. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zimetengwa kwa ajili ya CGNAT, yaani kampuni inawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. Hiyo ya 41 si yako peke yako.

Chukulia sanduku la barua la shule. S.L.P. ni moja, wanafunzi mia tano. Ukituma barua wewe na kuandika jina lako nyuma ya bahasha, majibu yatakufikia. Mtu wa nje akituma barua yenye S.L.P. tu, karani hana namna ya kujua ni ya nani, anaitupa. Kufungua poti kwenye ruta yako ni sawa na kufungua mlango wa bweni wakati barua imeishia kwa karani. DMZ ni mlango huo huo ukiwa wazi zaidi, haibadilishi chochote kwa karani. DuckDNS nayo inatangaza anwani ya karani.

Kabla ya kuhitimisha angalia kitu kimoja: kati ya ruta na ukuta kuna kiboksi kingine cha faiba? Kama WAN ingesomeka 192.168 au 10, ingewezekana una ruta mbili zilizofuatana, na hiyo unaitengeneza mwenyewe hapo nyumbani. 100.72 haina dawa upande wako.

Halafu, hizo sheria za 445 na 22 zifute leo. CGNAT imekukinga bila wewe kujua. Poti 445 ndiyo kirusi cha WannaCry kilichoingilia Mei 2017, na hata kwenye toleo jipya la Samba hakuna sababu ya kuiweka wazi kwa dunia nzima. Wenye NAS (seva za mafaili za dukani) za QNAP zilizokuwa wazi mtandaoni walipigwa na kirusi cha DeadBolt Januari 2022: mafaili yamefungwa, wanadaiwa bitcoin. Hawakuchaguliwa kwa majina, roboti zinapita anwani moja baada ya nyingine.

---

kebo_na_koleo

Naongezea upande wa kampuni ya intaneti. Ukipiga simu usiulize "mnaweza kunifungulia poti", utazungushwa. Uliza maswali matatu kwa maneno haya: je, naweza kupata IP ya umma kwenye kifurushi changu? Je, ni ya kudumu au inabadilika? Je, mnatoa IPv6? Watu huchanganya mbili za kwanza. IP ya umma inayobadilika inatosha kabisa ukiwa na DuckDNS. Ya kudumu mara nyingi huuzwa kwa vifurushi vya biashara na bei yake inapanda.

IPv6 ikiwepo haina CGNAT, kila kifaa kinapata anwani yake. Ila sharti mtandao wa simu ulioshika ukiwa Dodoma nao uwe na IPv6, vinginevyo hamwonani.

Kwa watumiaji wawili mimi nisingelipia IP. Pesa hiyo ipeleke kwenye VPS ndogo, yaani seva ya kukodi mtandaoni, utaona kwa nini kwenye suala lako la mteja.

---

wg51820

Njia zinazopita CGNAT zote zina siri moja: Pi ndiyo inayoanza kupiga hodi nje, halafu mawasiliano yanarudi kwenye njia hiyo hiyo. Hufungui poti yoyote nyumbani.

Njia fupi ni Tailscale, huduma inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa siri. Kwenye Pi:

`curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh`
`sudo tailscale up`

Inakupa kiungo, unaingia kwa akaunti yako, basi. Laptopu na simu ya mdogo wako unafanya vivyo hivyo, kisha mnafungua seva kwa anwani ya 100.x iliyopewa. (Ndiyo, inatumia eneo lile lile la 100.64. Kwa kawaida hazigongani, usishtuke.) Mambo mawili watu husahau. Moja, ufunguo wa kifaa unaisha muda baada ya siku 180 kama hujabadilisha. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi uzime kuisha huko kwa Pi, la sivyo siku moja seva itapotea ukiwa mkoani. Pili, andika `tailscale ping` na jina la Pi uone njia. Ikisoma DERP maana yake hamjaunganishwa moja kwa moja, mnapitia kituo cha kati, na hapo kasi huwa ndogo. Pande zote mbili zikiwa nyuma ya CGNAT, jambo hilo ni la kawaida.

Njia ndefu, na kwako naona ndiyo inayofaa kwa sababu ya video za wateja: VPS moja yenye IP ya umma, WireGuard katikati, yaani handaki lililosimbwa kati ya vifaa. RAM ya GB 1 inatosha, diski GB 25. Chagua kituo kilicho karibu, maana kila pakiti kutoka Dar kwenda Dodoma itapita huko kwanza. Johannesburg au Cape Town ni afadhali kuliko Ulaya.

Tengeneza funguo kwenye kila kifaa, usizitengenezee mahali pamoja ukazituma kwa WhatsApp:

`umask 077; wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > umma.key`

Kwenye VPS, `/etc/wireguard/wg0.conf`:

```
[Interface]
Address = 10.77.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (ya VPS)

# Pi
[Peer]
PublicKey = (ya Pi)
AllowedIPs = 10.77.0.2/32

# laptopu
[Peer]
PublicKey = (ya laptopu)
AllowedIPs = 10.77.0.3/32
```

Kwenye Pi:

```
[Interface]
Address = 10.77.0.2/24
PrivateKey = (ya Pi)

[Peer]
PublicKey = (ya VPS)
Endpoint = (IP ya VPS):51820
AllowedIPs = 10.77.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Laptopu ni kama Pi, badilisha tu anwani iwe 10.77.0.3 na funguo zake. Simu ya mdogo wako 10.77.0.4, nayo iongezwe kwenye VPS.

Kila baada ya sekunde 25 ile `PersistentKeepalive` inarusha pakiti ndogo ili CGNAT isisahau njia. Ukiiondoa, itafanya kazi dakika chache za mwanzo, kisha kimya, na utazunguka siku nzima ukitafuta kosa kwenye Samba.

Ili laptopu ifike kwenye Pi kupitia VPS, VPS lazima iruhusiwe kupitisha: weka `net.ipv4.ip_forward=1` kwenye `/etc/sysctl.d/`, na kama unatumia ufw (faiawoli ya Linux): `ufw route allow in on wg0 out on wg0`. Fungua 51820 ya UDP. Si TCP. Na uifungue mara mbili, kwenye ufw na kwenye faiawoli ya ukurasa wa mwenye VPS kama anayo. Nusu ya "WireGuard haiungi" zinaishia hapa.

Kisha `systemctl enable --now wg-quick@wg0` pande zote mbili, na `wg show`. Ukiona mstari wa `latest handshake`, mmesalimiana. Ukiona pakiti zinatumwa lakini zilizopokelewa ni 0, ama UDP imezibwa, ama ufunguo wa umma umebandikwa mahali pa mwingine. Kujua ni lipi, kaa kwenye VPS: `tcpdump -ni any udp port 51820`. Pakiti zikionekana zinaingia, kosa ni funguo au ufw ya VPS yenyewe, maana tcpdump inaziona kabla ya ufw. Zisipoonekana, zinazibwa kabla ya kufika, mfano kwenye faiawoli ya mwenye VPS.

Kufungua mafaili andika `\\10.77.0.2`, si 192.168.1.50. Wi-Fi za hoteli nyingi nazo ni 192.168.1.x, laptopu itakutafutia Pi kwenye chumba cha jirani.

---

fundi_wa_faiba

Nyongeza kwa wg51820. Kwenye mpangilio huo VPS inafungua usimbaji wa laptopu na kufunga upya kwa ajili ya Pi. Mwenye mashine, au aliyeidukua, anaweza kuona yanayopita. Kwa Tailscale kituo cha kati hakioni kitu. Dawa ni kuweka kwenye `smb.conf`, sehemu ya `[global]`:

`smb encrypt = required`

Folda za mgeni zisizo na nywila zitagoma baada ya hapo. Zigome tu.

Na VPS yenyewe: ingia kwa ufunguo wa SSH, weka `PasswordAuthentication no`. Kabla ya kufunga dirisha la kwanza, fungua la pili ujaribu kuingia, usije ukajifungia nje.

---

jenereta_ya_jirani

Hakuna aliyegusa umeme na hapo ndipo seva za nyumbani zinapofia. Diski mbili za inchi 2.5 juu ya Pi 4 moja: poti zote nne za USB kwa pamoja zinatoa ampea 1.2. Diski moja ikianza kuzunguka inaweza kukaribia ampea 1 peke yake. Zikiamka mbili pamoja, volti inashuka, diski moja inapotea, na hakuna ujumbe wowote unaokuja kwako. Andika:

`vcgencmd get_throttled`

Ikirudisha `0x0` uko salama. Ikirudisha `0x50000` volti ilishashuka tangu iwashwe. `0x50005` inashuka sasa hivi unavyosoma. Nunua habu ya USB yenye adapta yake, diski zikae hapo, na Pi ibaki na chaja ya volti 5 ampea 3. Chaja ya simu iliyoandikwa "fast" si mbadala.

Umeme ukikatika ghafla mambo matatu hufuata.

Diski ikichelewa kuamka, Pi inawaka bila kuipachika, na Samba inaendelea kutoa folda ile ile ikiwa tupu. Mdogo wako anaona mafaili yamekwisha, anapakia upya, kumbe anaandika kwenye kadi ya microSD mpaka inajaa. Kwenye `/etc/fstab` pachika kwa UUID (namba ya utambulisho ya diski), weka `nofail`, halafu diski ikiwa imechomolewa funga folda tupu: `sudo chattr +i /srv/diski1`. Sasa hakuna atakayeweza kuandika humo mpaka diski ya kweli ikae juu yake.

La pili ni saa. Pi 4 haina saa yenye betri, ikiwaka inarudi nyuma kidogo mpaka ipate muda kutoka intaneti. WireGuard upande wa VPS inakumbuka muda wa salamu ya mwisho. Salamu yenye muda wa nyuma inatupwa kimyakimya. Kwa kawaida inajirekebisha Pi ikishapata saa sahihi. Ila ukiandika `AllowedIPs = 0.0.0.0/0` kwenye Pi, hata ombi la kuulizia saa linapita kwenye handaki ambalo halijafunguka, na hapo hutoki. Acha 10.77.0.0/24 kama alivyoandika mkuu. Kwa sababu hiyo hiyo Endpoint iwe namba, si jina: Pi ikiwaka kabla ruta haijapata intaneti jina halitafsiriki na wg-quick inakata tamaa.

La tatu, UPS. Watu huweka Pi kwenye UPS na kusahau ruta na kiboksi cha faiba. Ruta nyingi ni volti 12. Kuna vi-UPS vidogo vya volti 12 madukani. Soma nyuma ya adapta kwanza, usibahatishe, nyingine ni volti 9.

---

diski_mbili

Wakuu nimeelewa ile ya S.L.P. 445 na 22 nimefuta. Nimechukua VPS Johannesburg, `wg show` inasalimiana pande zote, `ping 10.77.0.2` inapita vizuri. Ila nikiwa na data ya simu folda inafunguka, nikianza kunakili faili tu inaganda kwenye 0%. Kwa Wi-Fi ya ofisi hapa Dodoma inakwenda. `get_throttled` imeniletea `0x50000`, habu natafuta kesho.

---

wg51820

Ping inapita, faili linaganda: MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Pakiti ndogo zinapenya, kubwa zinatupwa njiani na hakuna anayekuambia. WireGuard huweka 1420 na juu yake inaongeza bahasha ya baiti 60 kwenye IPv4, jumla 1480. Mtandao wako wa simu hauzipitishi.

Pima, usikisie. Zima handaki kwenye laptopu, bado ukiwa kwenye data ya simu:

`ping -M do -s 1452 (IP ya VPS)`

Kwa Windows ni `ping -f -l 1452`. 1452 na baiti 28 za vichwa ndiyo 1480. Ikigoma shuka kwa 20 mpaka ipite. Namba iliyopita jumlisha 28, toa 60. Mfano imepita kwenye 1372: njia ni 1400, basi `MTU = 1340`. Iandike chini ya `[Interface]` kwenye laptopu, kwenye Pi na kwenye VPS, kisha `wg-quick down wg0` na `up`. Kwenye Pi na VPS fanya hivyo ukiwa na njia nyingine ya kuingia, si kupitia handaki hilo hilo unalolizima. Ukitaka uvivu weka 1280 kote, utapoteza kasi kidogo sana.

Kuhusu video ya mteja. Usimpe kiungo kinachovuta kutoka nyumbani. Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde, GB 4 ni dakika 53 bila mtu mwingine kugusa intaneti, na umeme ukikatika dakika ya 50 anaanza kukulaumu. Ipeleke VPS usiku:

`rsync -a --partial --bwlimit=800 harusi.mp4 10.77.0.1:/srv/wateja/a91f.../`

800 ni KiB kwa sekunde, kama Mbps 6.5, ili nyumbani wabaki na kitu. Jina la folda litoe kwa `openssl rand -hex 12`. Kwenye VPS weka Caddy, programu ya seva ya wavuti, inachukua cheti cha TLS yenyewe, inahitaji poti 80 na 443 za TCP na jina linaloelekea kwenye VPS:

```
faili.jinalako.co.tz {
    root * /srv/wateja
    file_server
}
```

Usiweke `browse`, la sivyo kila mtu ataona orodha ya harusi zote. Mteja anabonyeza kiungo, bando likikatika anaendelea alipoishia. Mwisho weka cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya kila usiku: `find /srv/wateja -type f -mtime +7 -delete`.

---

jenereta_ya_jirani

Hapo mwisho pana mtego mkuu. `rsync -a` inabeba tarehe ya faili la asili. Harusi iliyohaririwa wiki tatu zilizopita itafika VPS ikiwa tayari na siku 21, cron itaifuta usiku huo huo kabla mteja hajaamka. Tumia `-ctime +7`, inahesabu tangu faili lilipotua pale.

---

wg51820

Kweli kabisa, `-ctime`. Asante.

---

diski_mbili

Imepita kwenye 1392, nimeweka MTU 1360 kote tatu, mafaili yanakwenda kwa data ya simu sasa, MB 1.1 kwa sekunde. Swali dogo: mdogo wangu akifungua folda ya picha kwenye simu bando linaisha hata hajafungua picha yoyote. Ni handaki linakula?

---

fundi_wa_faiba

Handaki linakula asilimia chache tu. Kinachokula ni programu ya simu kuchora vipicha vidogo: ili ionyeshe kijipicha inavuta faili zima, na picha za kamera yako labda ni MB 8 kila moja. Folda yenye picha 200 ni GB 1.6 kabla hajagusa kitu. Azime vijipicha kwa folda za mtandao kwenye programu anayotumia, au umtengenezee folda ya pili yenye nakala ndogo:

`mkdir -p /srv/diski1/ndogo && mogrify -resize 1600x1600 -quality 80 -path /srv/diski1/ndogo *.jpg`

Hiyo `-path` usiisahau. Bila hiyo mogrify inaandika juu ya picha za asili.